Karatasi

Bi Chumu kaja tena asubuhi,
kajitanda kanga yake ya kuhania,
kaweka mkate wa kumimina kando ya jiko,
kaniuliza kwa sauti ya kuulizia maiti:
"Mwanangu, karatasi imetoka?"

Bado, nikamjibu.
Akanikamata mkono. Subiri, akasema,
wanaume wa siku hizi ndivyo walivyo.

Kosa ni langu. Siku ile ya kwanza
nimeshuka Mkoani na masanduku manne, watoto watatu,
nilipoulizwa kipi kimenirejesha Wete na mwezi si wa likizo,
nilijibu kwa uchovu, na matapishi ya Nuhaila begani:
"Tunangoja skuli imwachie Faki, ndipo na sisi tuachiwe."
Neno likapanda Limbani kwa miguu yake,
na lilipofika msikitini skuli haimo tena ndani yake.
Raya kaachiwa.
Raya kaachwa. Kaletwa na nguo zake.

Niwaeleze vipi?
Kwamba Faki anasomesha hesabu Sohar,
kwamba skuli ya Nizwa imempa mshahara wa mtu kulala usingizi,
kwamba viza yake imeshonewa jina la skuli ya zamani
na zetu zimeshonewa yake, mkia wa tiara,
na mwalimu hahami mpaka uzi ukatwe wote
ushonwe upya, kuanzia kwake.
Wiki tatu, walisema. Hiyo ilikuwa Mfunguo Nne.
Watu wameshasoma maulidi, wamekula, wamesahau.
Nahesabu siku kama mwenye eda,
ila mwenye eda anaujua mwisho wake.

Cheti cha ndoa kinataka muhuri juu ya muhuri.
Nimevuka nacho Unguja, nimepanga foleni,
kijana wa dirishani kakitazama, kakigeuza:
"Hapa wewe Raya. Kwenye pasi, Rayya.
Nani kati yenu kaolewa?"
Nikacheka peke yangu.
Nikarudi kwa kadhi kuitafuta y moja
iliyopotea tangu harusi.

Faki hupiga simu usiku, kwa kunong'ona.
Nyumba ilikuwa ya skuli; sasa analala sebuleni kwa mwenzake,
nguo zake mifukoni.
"Mtandao unasema inashughulikiwa."
Jana ulisema hivyo hivyo.

Ilham anachezea sare ya Sohar,
mikono yake imeshapanda viwikoni.
Skuli ya hapa wamempa dawati la nyuma
na mwalimu kaliandika jina lake kwa penseli.

Mchana nachambua karafuu za Shangazi Time,
makonyo huku, karafuu huku.
Pishi kumi na mbili: tafsiri ya cheti kwa Kiarabu.
Pishi tatu: picha, maana za mwanzo
zilipigwa mbele ya ukuta wa buluu
na wao wanataka mweupe.

Jana baada ya laasiri simu ikalia.
Nikashuka kwa Mgeni, mwenye duka la fotokopi.
"Ya rangi au nyeusi?"
Ya rangi.
Zikatoka moja moja, zina moto,
picha yangu, jina langu, y zote mbili.
Mgeni anajua kusoma lugha za watu, akanionesha kwa kalamu:
"Hapa wamekuandika mtegemezi."
Nikafungua pindo la kanga, nikamlipa.
Noti zilinuka karafuu mpaka akapiga chafya.

Mlangoni nikakutana na Bi Chumu.
"Imetoka?"
"Imetoka."
Akaanza kulia, maskini, akanikumbatia na karatasi zangu,
nami sikumwambia kitu. Nilikuwa nahesabu nyuma ya mgongo wake
kwa dole gumba, mara ya pili, mara ya tatu:
tatu.
Na sisi tuko wanne.